Punje za Bibi Tak

Kila alfajiri, kabla hajavaa hata soksi, Bibi Tak alikuwa anawamwaga watu wa kanisa sakafuni.

Watu wenyewe walikuwa punje. Walikaa ndani ya mfuko wa kitambaa chekundu uliofungwa kwa uzi, na mfuko ulikaa kiunoni kwake mchana, chini ya mto wake usiku. Aliwasha taa ya mafuta, akafungua uzi, akawamwaga pale sakafu ilipokuwa na joto la moto uwashwao chini yake, kisha akawapanga kwa kidole, mmoja mmoja, midomo ikicheza. Mzee Ma wa baraza la kanisa alikuwa haragwe jeusi, kubwa, linalong'aa, lenye kujiona. Mama Shemasi Bong alikuwa mbegu ya boga. Watu walisema ni kwa ajili ya umbo lake, Bibi alisema ni kwa ajili ya utamu wake. Baba yangu alikuwa soya. Mimi nilikuwa punje ya mahindi ya zambarau. Siku moja nilimwuliza kwa nini.

"Kwa sababu unakaa kimya kwenye safu yako," akasema, "lakini ukitiwa motoni utaruka."

Wote tulikuwa arobaini na mmoja. Akishatupanga alitutazama kidogo, kama mtu anayehakikisha kuku wake hawakuliwa usiku, akaturudisha mfukoni, akavaa soksi.

Kando, mbali na wengine, aliweka maharage meupe manne. Hayo hakuyasemea neno. Yalikuwa mume wake na watoto wake watatu, waliobaki upande wa kaskazini nchi ilipokatwa vipande viwili na vita. Yeye alivuka na sufuria moja na blanketi moja, akaambiwa wao wanafuata baada ya siku tatu. Sasa ilikuwa mwaka wa ishirini na tatu.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa nalala kwake. Majira ya viwavi wa hariri, chumba chetu cha pili kilikuwa chao, na sisi watoto tulitawanywa kwa majirani. Mimi niliangukia kwa Bibi Tak. Viwavi walipomaliza kazi yao, hakuna aliyekumbuka kuniita nirudi, nami sikujikumbusha. Shule nilikwisha kuiacha, nilisoma miaka mitatu tu, nikatolewa nikachume majani ya mforsadi ya kulisha viwavi. Bibi hakusoma hata siku moja, ndiyo maana ya zile punje. Wengine waliandika majina ya watu wa kuombewa kwenye karatasi. Yeye aliwaokota mashambani.

Alipofika Bamgol, kijiji chetu, hakuwa na mtu. Kanisa lilimpa chumba, likampa mto wa kukalia karibu na jiko la kuni, mahali pazuri kuliko pote ibadani, na wazee wakamwahidi kwamba siku yake ikifika watambeba wao begani mpaka kaburini, kama mama yao. Akasema, "Basi nyinyi ndio nyumba yangu." Siku hiyo hiyo akaanza kutuokota.

Alikuwa na mambo yake. Alipenda pipi ya kimea hata meno yakamwisha. Katika michezo ya mwaka mpya alidanganya waziwazi, akishikwa anasema macho hayaoni. Na punje zake alizichukulia kwa uzito kuliko tulivyojichukulia sisi wenyewe. Mchungaji Do alikuwa karanga, kwa sababu karanga hazioti kwetu milimani, huletwa kutoka nje, naye alikuwa mtu wa mjini. Majira fulani ya baridi panya aliingia chini ya mto. Bibi alipomwaga mfuko alfajiri, watu wote walikuwapo isipokuwa mchungaji. Lilikuwa limebaki ganda.

Hakungoja soksi. Alikimbia kwenye theluji mpaka nyumba ya mchungaji, akaupiga mlango kwa fimbo. Mchungaji Do alitoka na nguo za ndani ndefu, miwani mkononi.

"Uko mzima?" Bibi akauliza.

"Nadhani," mchungaji akasema.

Bibi alimshika mashavu, akambana hapa na pale, akaridhika, akarudi nyumbani. Toka siku ile mchungaji akawa kokwa ya pichi. "Hii," aliniambia, "panya atavunja jino."

Sasa niseme habari ya masikio yake, maana ndiyo habari yenyewe.

Kwetu sala ya alfajiri haina msemaji mmoja. Mchungaji anasoma kidogo, anapunguza taa, halafu kila mtu anafungua kinywa na kusema na Mungu mambo yake, wote kwa pamoja, kwa sauti ya chini. Ukikaa nyuma unasikia kama chungu kikubwa cha uji kinatokota. Hakuna anayemsikia mwenzake, na ndiyo raha yake. Bibi Tak naye alinong'ona humo kwa miaka mingi, akipitisha punje moja moja kwa kidole ndani ya mfuko, na kila mtu aliyekuwa na jambo alikuwa ameshampelekea. Ukitaka kuombewa na mtu asiyesahau, ulikwenda kwa Bibi Tak.

Mwaka wa theluji kubwa masikio yakaanza kumwondoka. Hayakuondoka siku moja, yaliondoka kama wageni, mmoja anaaga, mwingine anavaa viatu. Na kadiri yalivyoondoka, ndivyo sauti yake ilivyopanda. Yeye aliamini bado ananong'ona.

"Bwana," alisema alfajiri moja, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe kutoka kilima cha pili, "mkumbuke Mzee Ma. Leo ni siku ya tano hajakwenda haja kubwa."

Chungu chote kikaacha kutokota. Hakuna aliyefungua macho. Kisha mmoja akakohoa, mwingine akaanza tena kuomba upesi upesi, na uji ukarudi motoni.

Kabla ya kifungua kinywa, kwenye lango la Mzee Ma zilikuwa zimesimama chupa nne za mafuta ya ufuta, dawa yetu ya tumbo lililofunga. Kila aliyeleta alikuwa anapita tu. "Tumekamua tukazidisha," alisema Mama Shemasi Bong. Baba yangu alisema chupa yetu inachukua nafasi rafuni. Mzee Ma alizipokea zote bila kuuliza swali, na siku ya sita tulimwona akienda nyuma ya nyumba kwa hatua ndefu.

Hivyo ndivyo tulivyoishi miaka sita. Jiko la Bong likipasuka, Bibi analisema alfajiri, na saa mbili asubuhi wanaume watatu wanapita tu na udongo wa mfinyanzi. Mke wa mchungaji akilia jikoni kwa kumkumbuka mama yake, mchana wanawake wanapita tu, wanakaa mpaka jioni. Hakuna aliyemwambia Bibi kwamba anasikika. Kwanza ingekuwa aibu kwake. Pili, nadhani, kila mtu alikuwa anangoja kusikia ya mwenzake.

Mimi ndiye niliyeharibu.

Mzee Ma alikuwa na mpwa, Chilbok, fundi mdogo kwenye kinu cha mpunga. Mzee Ma na Baba walikuwa wameanza kuzungumza juu ya kuniozesha kwake, na mazungumzo yalikuwa yamefika mahali pa kunywa chai mara mbili kwa wiki. Mimi si mtu wa kusema. Lakini sikio la kushoto la Bibi lilikuwa bado na kitundu. Ukiweka mdomo pale, ukalizungushia mikono, neno linaingia. Usiku mmoja tukimenya viazi nikaliwekea mdomo.

"Bibi, mimi Chilbok simtaki. Anapumua kwa mdomo kama kambare. Usimwambie mtu."

"Nitamwambia nani mimi?" akasema. "Mungu tu."

Nilikuwa nimelala nusu, sikufikiri. Nilifikiri kesho yake alfajiri, nimekwisha kupiga magoti kanisani.

"Bwana," akasema Bibi Tak, "huyu Jomi wangu. Wanataka kumpa mpwa wa Mzee Ma. Mtoto anasema kijana anapumua kwa mdomo kama kambare aliyetolewa mtoni. Nami nimemwangalia vizuri Jumapili, Bwana, ni kweli."

Uji ukanyamaza. Katika ukimya ule, upande wa wanaume, nilisikia mdomo mmoja ukifungwa.

Njiani kurudi Baba alitangulia, mikono nyuma. Kwenye lango letu akasimama.

"Kambare wa mtoni," akauliza bila kugeuka, "au wa kwenye ndoo?"

"Wa kwenye ndoo, Baba."

Alifikiri kidogo. "Hm," akasema, akaingia ndani. Habari ya chai iliishia hapo.

Lakini kwa Mzee Ma haikuishia. Jumapili ile, baada ya ibada, watu wakiwa bado wamekaa na mabakuli ya tambi, viazi vikichemka jikoni, alipiga kijiti chake cha kulia kwenye ukingo wa bakuli.

"Hii ni nyumba ya sala," akasema. "Imekuwa kijiwe cha umbea. Bibi Tak aambiwe aombe kimoyomoyo, au aombee nyumbani kwake."

Bibi mwenyewe alikuwa hatua nne tu kutoka pale, akila kimchi, kabichi yetu ya kuchachusha, bila meno kwa bidii kubwa. Hakusikia kitu. Alipoona anatazamwa, akatabasamu.

"Mwambie basi," alisema Mama Shemasi Bong.

"Wewe ni mwanamke mwenzake. Mwambie wewe."

"Mimi? Tangu alipoomba habari ya mkwe wangu kunijibu kwa kichwa, mkwe wangu ananiamkia asubuhi na jioni. Mimi simwambii kitu."

"Mchungaji."

Mchungaji Do alikuwa anafuta miwani. "Labda," akasema, "tuliweke kwanza katika maombi."

"Tukiliweka katika maombi, atalisema yeye," Mzee Ma akasema. Kisha macho yake yakanifikia. "Kambare ulimtoa wewe. Basi nenda kamwambie sikioni."

Nilikwenda. Nilichuchumaa karibu yake, nikaweka mikono, nikaweka mdomo. Alinipa sikio lote, kwa furaha, kama mtu anayepokea zawadi. Ndipo nikaona ninachokwenda kumwambia: kwamba watu wake arobaini na mmoja wamekuwa wakipiga magoti miaka sita wakiogopa atakachosema. Kwamba hana mahali pengine duniani pa kusema majina ya watu.

"Bibi," nikasema, "viazi vimeiva."

"Nimeviona," akasema.

Basi Mzee Ma akaamua kuifanya mwenyewe, na hapo palikuwa na ugumu. Kuandika hakusaidii. Kumwekea mwanamke asiye mkewe mdomo sikioni, mzee wa kanisa hawezi, hata kama mwanamke ana miaka sabini na mbili. Lazima asimame mbali kwa heshima, na akisimama mbali lazima apige kelele, na akipiga kelele kijiji kizima kitasikia kwamba tumemwambia Bibi Tak kuwa kijiji kizima kinamsikia. Alilifikiria siku mbili. Siku ya tatu akatuongoza, Bibi na mimi, mpaka shamba lake la viazi la juu, chini ya Mwamba wa Kunguru, mahali pasipo nyumba. Mimi nilipelekwa ili wasiwe wawili peke yao. Alisimama matuta matatu kutoka kwake, akavua kofia.

"Bibi Tak. Sala zako zinasikika."

"Amina," akasema Bibi. "Na zako pia."

"Hapana. Tunazisikia sisi."

"Na mimi nawaombea nyinyi, ndiyo."

Mzee Ma alivuta pumzi. Shingo ikawa nyekundu. "Sote tunakusikia. Kila neno. Tangu mwaka wa theluji."

Na mwamba ule, ambao amelima chini yake miaka thelathini, ambao kila mtoto wa Bamgol anaujua kwa mchezo wa kuita jina lake, yeye alikuwa amekwisha kuusahau. Theluji, ukasema mwamba. Theluji, theluji. Kule chini kijitoni niliona wanawake waliokuwa wakifua wakiinua vichwa. Mzee Ma naye akaona, lakini alikuwa amekwisha kushika mteremko.

"Hata habari ya choo changu," akapiga kelele.

Choo changu, ukasema mwamba. Choo changu. Choo changu.

Bibi Tak alimtazama midomo. Kisha akanitazama mimi. Mimi nilitazama jembe.

"Kila neno?" akaniuliza.

Niliitikia kwa kichwa.

"Na la mke wa mchungaji kulia jikoni?"

Nikaitikia.

"Na la mkwe wa Bong?" Nikaitikia. Aliendelea kuyataja, moja moja, kwa mpango ule ule wa punje, nami nikaitikia kila moja, mpaka alipofika kambare. Hapo hakuuliza. Alikaa chini juu ya tuta, akainua aproni yake, akajifunika uso kama bibi harusi.

Baada ya siku ile hakuacha kuja. Afadhali angeacha. Alikuja alfajiri kama kawaida, akakaa kwenye mto wake karibu na jiko, akafunga mdomo kwa nguvu kama mtu aliyebeba maji mdomoni. Punje zilisikika zikigongana mfukoni. Sisi tukatokota wenyewe.

Nyumbani bado alitumwaga sakafuni, lakini haraka, kama anayeokota vitu vilivyoanguka. Siku moja aliniambia, "Jomi, nikiomba moyoni sijui kama nimemaliza au nimelala." Siku nyingine alishika haragwe jeusi la Mzee Ma, akaligeuza geuza mbele ya taa. "Nilikuwa na watu arobaini na mmoja," akasema. "Sasa nina mfuko wa maharage."

Na kanisa nalo likaanza kwenda upande. Bomba la moshi la akina Bong liliziba, wakakohoa wiki nzima, na sisi majirani tukadhani ni mafua. Mke wa mchungaji alivimba macho siku tatu, hakuna aliyepita tu. Tulisalimiana vizuri sana, tuliulizana habari, tukajibiwa nzuri, tukaenda zetu. Halafu mwezi wa kwanza Mzee Ma akateleza kwenye barafu nyuma ya nyumba, mgongo ukafunga. Alilala chali siku tatu akitazama dari, masikio yakiwa langoni.

Nilikuwa pale siku ya tatu, nilikuwa nimetumwa kuazima ungo.

"Siku tatu," alikuwa anamwambia mkewe. "Hata chupa moja ya mafuta."

"Wangejuaje?" mkewe akasema, akichambua dengu. "Redio ya kijiji umeizima mwenyewe."

Mzee Ma aligeuza kichwa kuniangalia, kichwa tu, kingine hakigeuki. "Jomi. Wewe unaona. Utawaambia?"

Nilimwambia nimekuja kuchukua ungo.

Mwezi wa pili, wakati mashamba yamelala, kanisa la Machimbo ng'ambo ya mlima lilikuwa na mkutano wa uamsho wa siku nne. Wanawake wetu walikwenda kwa miguu, mwendo wa saa mbili kupanda na wa saa moja kushuka, nami nikamshika Bibi mkono. Machimbo ni mahali peusi kwa vumbi la makaa ya mawe. Theluji nyeusi, kuku weusi, na wanaume wote masikio yameharibiwa na baruti. Mhubiri alitoka mbali, akahubiri mpaka sauti ikakatika, na watu wa nyuma wakasema hawakupata hata neno. Kisha taa zikapunguzwa kwa maombi.

Hawakutokota. Walilipuka. Mchimbaji aliyekaa mbele yetu alimwomba Mungu kwa sauti yote amhamishe mama mkwe wake mkoa mwingine, na mama mkwe alikuwa pale pale upande wa wanawake, akiomba kwa sauti yote habari ya mkwe wake. Hakuna aliyegeuka. Ukuta ulikuwa unatetemeka, naapa.

Bibi hakuyasikia hayo, lakini aliyaona. Alitazama kulia, akaona koo zimevimba. Alitazama kushoto, akaona vivyo hivyo. Aliweka kiganja sakafuni, akakiacha pale, akihisi. Kisha mkono mwingine ukaingia mfukoni.

Mdomo ulifunguka kidogo. Ukafunga. Ukafunguka.

"Bwana," akasema Bibi Tak, "niwie radhi, nimechelewa. Kwanza huyu haragwe jeusi. Mgongo." Alijuaje habari ya mgongo sijui. Labda alimwona anavyotembea. Alitupitia wote arobaini na mmoja, hakuruka mtu, na mwisho machozi yalikuwa yameteremka mpaka kidevuni. Akanivuta mkono.

"Nani amegeuka?"

Nilimwonyesha kwa kichwa: hakuna.

Baada ya ibada alikaa jikoni na mke wa mchungaji wa pale, mwanamke mnene mwenye mikono ya mfua vyuma, ambaye aliongea na kila mtu kama yuko upande wa pili wa bonde. Walipiga kelele wawili juu ya sufuria ya supu ya maharage, habari za meno, habari za pipi ya kimea, habari za kaskazini. Mwanamke yule naye alikuwa wa kaskazini, alivuka majira yale yale ya baridi. Kwa miaka sita nilikuwa sijamwona Bibi akizungumza na mtu bila kukodoa macho kwenye midomo.

"Tuna chumba nyuma ya kanisa," yule mama alisema. "Kina joto. Makaa hatuna shida."

"Nitafikiri," akasema Bibi. Nikajua ameshafikiri.

Jioni tuliyorudi, Mzee Ma alikuja uani kwetu na fimbo, amepinda, na chupa ya mafuta ya ufuta chini ya kwapa. Alisimama hatua tatu kutoka barazani. Alikuwa ameshajifunza, alitazama kwanza mwamba uko upande gani, akaupa mgongo. Haikusaidia, Mama Shemasi Bong alikuwa ameshatoa kichwa juu ya ukuta.

"Bibi Tak," akapaza sauti. "Nimekosa. Turudie. Omba kama ulivyokuwa unaomba."

Bibi alimkaribisha kwa mkono akae. "Mgongo vipi?"

"Unauma."

"Choo?"

Mzee Ma alitazama ukutani, kwa Mama Bong. Akaachia bega. "Choo kizuri," akapaza sauti.

"Mungu ni mwema." Bibi alipokea chupa, akainusa. "Mzee Ma, uliniambia kweli. Sina kinyongo. Lakini mtu akishaambiwa kwamba anakoroma, hawezi tena kulala mbele za watu."

"Koroma. Tumekwambia koroma."

"Kwenu nitakoroma jicho moja wazi. Kule wanakoroma wote."

Mzee Ma alikaa kwenye ukingo wa baraza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akashika kofia kwa mikono miwili. Akaizungusha mara kadhaa. Mama Bong akaegemea ukuta asikie vizuri.

"Tuliahidi kukubeba," akasema mwishowe, taratibu, kama anayejisemea. Bibi alimwangalia midomo, nadhani hilo alilipata lote.

"Mtakuja kunichukua," akasema. "Kutoka kileleni kuja huku ni mteremko mtupu. Hamtachoka."

Usiku alifunga mzigo wake. Ulikuwa sufuria na blanketi. Nilimwekea mdomo sikioni nikamwuliza kama punje zetu atatuachia.

"Nikiwaacha mtaota ukungu," akasema.

Alfajiri alikuja kanisani na mzigo mgongoni, akakaa mahali pake karibu na jiko. Mchungaji alisoma, akapunguza taa. Hakuna aliyeanza. Watu wazima thelathini na kitu wamepiga magoti, wamefunga macho, wamefunga midomo, wanangoja.

"Bwana," akasema Bibi Tak, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe kutoka kilima cha pili.

Alimwombea Mzee Ma mgongo, na haja zake zote kubwa na ndogo. Alimwombea Mama Bong bomba la moshi, na mkwe wake uvumilivu. Alimwombea mke wa mchungaji barua kutoka kwa mama yake. Alimwombea Chilbok mke, akaongeza, "na pua yake, Bwana, uifungue," na upande wa wanaume pakasikika pumzi ndefu ikijaribu kupita puani. Alimwombea baba yangu nafuu ya goti. Mimi alinisema mwisho. "Huyu mahindi," akasema, "ukimtia motoni, mfunike, asirukie mbali."

Nilidhani amemaliza. Kidole kilikuwa bado mfukoni. Kisha akayasema yale maharage meupe, kwa majina, kwa sauti ile ile, ambayo ukuta wa kaskazini wa kanisa lazima uliisikia. Gapseok. Yonghwan. Suni. Na mdogo, Dolme, ambaye angekuwa sasa na miaka thelathini na minne. Tulikuwa tumeishi naye miaka yote hiyo, tunajua habari ya kila tumbo la Bamgol, na majina yale hakuna aliyekuwa ameyasikia.

Alifunga uzi, akasimama, akavaa viatu mlangoni, akatoka.

Ilichukua muda watu kufungua macho. Mzee Ma alikuwa wa kwanza kufika nje, na soksi tu, kwenye theluji. Alimwita jina lake mara tatu, na Mwamba wa Kunguru ukalirudisha mara tatu. Bibi Tak alikuwa ameshapita nyumba ya mwisho. Hakugeuka. Niliona mkono wake ukishuka kiunoni, ukaushika mfuko, ukautikisa kidogo kama anayehakikisha hakuna aliyebaki nyuma, kisha akaishika njia ya mlima, na hakurudi.